Mshono wa Edina

Mara yangu ya kwanza kukutana na Edina tuligombania gunia. Ilikuwa Kibirizi, kando ya ziwa, kwenye uwanja wa Gasper wa kuanikia dagaa. Nilikuwa nimeshakubaliana bei na Gasper, nasubiri kushonewa nipakie. Akaja mwanamke mwembamba, sindano ya magunia ameichomeka kwenye kilemba. Akanipa shikamoo, kisha akazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akatulia kama anayesikiliza kitu.

"Hili bado lina joto, mama. Sishoni."

"Joto la jua tu hilo. Shona, gari linanisubiri."

"Likishonwa hivi litatoa jasho humo ndani. Liache lipoe."

Nilimsema maneno ambayo sitayarudia hapa, halafu nikasubiri, maana sindano alikuwa nayo yeye. Dagaa wale walifika Kahama wakavu, ukiwashika wanavunjika. Sikumpenda Edina kwa hilo, lakini tangu siku hiyo nilinunua kwa Gasper kwa sababu yake.

Ni mtu wa Mwamgongo. Aliletwa mjini na ndoa, ndoa ikaisha, yeye akabaki na watoto wawili na chumba cha kupanga Katubuka. Kazi ile ya kushona ndiyo iliyokuwa inawalisha wote watatu.

Pale uwanjani Thobias na Agnesi walikuwa wakianika, wakigeuza na kujaza magunia. Edina alishona. Kwa kuwa mshonaji ndiye wa mwisho kugusa gunia, kila lawama ilikuja kuishia kwake. Dagaa wana mchanga, Edina hakuangalia. Wamenyeshewa kwenye vichanja, Edina hakupiga kelele. Agnesi aliwahi kuniambia huku anacheka, "Mama Shadia, sisi hapa hatuna makosa. Tuna Edina." Na Edina alikuwa hapo hapo, anatunga uzi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mteja wangu wa Kahama, Isaka, akanitumia picha za magunia sita yaliyoota ukungu mweupe. Mimi picha haziniambii kitu. Nikamwambia anirudishie magunia yenyewe kwa gari lile lile. Yakaja, amechana ubavuni kuona ndani, midomo bado imeshonwa.

Nikaenda nayo kwa Gasper. Sijamaliza kueleza, akaita uwanja mzima ukasikia.

"Edina! Njoo uone ukungu wako."

Edina akaja. "Sikushona mimi haya, bosi."

"Mshonaji hapa nani? Yameshonwa na malaika?"

Wanunuzi wengine wakacheka. Thobias akawa anapanga turubai lililokuwa limeshapangwa. Gasper akanigeukia. "Mama, Jumamosi huyu anaondoka. Yameisha hayo."

Sikiliza hapo. Alitaka kunilipa kwa kumfukuza mtu. Edina akifukuzwa, mimi bado nina magunia sita ya uozo, na sijui nani atanishonea mzigo ujao. Nilikuwa nimekuja kutafuta dagaa, sikuja kutafuta mkosaji. Lakini nikaona kwamba bila kumpata mkosaji, dagaa sipati.

Nikayatazama magunia. Edina anashona kwa mkono wa kushoto. Nimemsimamia mara nyingi nikiwa na haraka, nikihesabu kila mshono, kwa hiyo najua nyuzi zake zinalalia upande gani. Hizi zililalia upande mwingine.

"Gasper, kabla ya Jumamosi, nipe magunia mawili matupu. Moja ashone Edina, moja ashone Thobias."

"Mimi tena?" Thobias akasema. "Mimi ni mjazaji."

"Shona tu, baba. Huchomwi."

Wakashona. Nikayalaza yale mawili kando ya lililooza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Agnesi peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Ego," akasema polepole, kwa Kiha, maana yake ndiyo hivyo.

Thobias akasema siku ya kupakia mzigo ule Edina aliyakataa magunia sita kwa sababu ya joto, akaenda kunywa chai yapoe. "Na simu ikapigwa kwamba gari linaondoka saa nane. Ningefanyaje?"

Simu ile niliipiga mimi. Sikuona sababu ya kulitaja hilo wakati huo, na Gasper hakuuliza.

Nikamuuliza Edina kwa nini siku zote hizo hakusema kwamba Thobias naye hushona.

"Nilisema, mama. Thobias ni shemeji yake bosi. Unasema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu unaacha, unashona yako."

Gasper hakumwomba radhi. Alisema tu, "Haya, endelea na kazi." Nilidhani Edina ataitikia na kurudi mahali pake. Akachomoa sindano kwenye kilemba, akamnyooshea.

"Niendelee, sawa. Ila sindano iwe hii moja tu hapa uwanjani. Na gunia nikilikataa, halipakiwi. La sivyo, mpe Thobias."

Gasper akaipokea, akaniangalia. Nikamwambia mzigo wangu nitaufuata popote sindano ile itakapokwenda. Akairudisha kwa Edina.

Basi nilipata magunia yangu sita, mapya. Gasper aliyapoteza hayo, lakini mimi mteja wake hakunipoteza. Thobias yupo, shemeji hafukuzwi, ila sasa anasubiri dagaa wapoe. Edina ana kazi yake na neno lake linashika. Alichopoteza ni jina: wale waliocheka siku ile walikuwa wameshaondoka tulipolinganisha mishono, na mpaka leo wakipita huuliza, "Ndiye yule wa ukungu?" Nimewasahihisha wawili. Wengine siwajui.

Juzi nilifika na haraka zangu. Akazamisha mkono, akautoa.

"Haya mawili bado, mama."

"Edina, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ni wewe unayepigaga simu."

Gari likaondoka bila magunia yangu mawili. Nikavuta kigoda nikakaa, naye akaniletea chai.