Meza ya Zhor, Muuza Gemu Ndogo

Siku ya kwanza Zhor Lamrini aliponijia kibandani, alifanya kosa ambalo hapa sokoni Derb Ghallef, Casablanca, hata mtoto halifanyi. Alinyoosha kidole kwenye mashine ya gemu iliyokuwa juu ya rafu, akasema, "Hii ndiyo naitafuta tangu asubuhi." Nikampandishia bei palepale. Akalipa, akashukuru, kisha akavuta kiti cha wateja akakaa.

"Si Jilali," akaniita, yaani Bwana Jilali, "hizi gemu unazouza umezicheza?"

"Lalla," nikamjibu kwa heshima ileile, "muuza viatu huvaa vyote?"

"Basi nipe kona ya meza. Mimi nimezicheza."

Alikuwa mwanamke wa makamo, anaishi na shangazi yake mtaa wa Hay Hassani. Miaka yake mingi ilikuwa imekwenda kwenye simu, akiwatuliza wateja wa Ufaransa waliokasirikia mashine zao za kufulia, na kati ya simu na simu alikuwa akicheza. Hakupenda zile gemu kubwa zenye matangazo barabarani. Alipenda zile ndogo, ambazo mtu mmoja au wawili wanazitengeneza sebuleni kwao. Ofisi hiyo ya simu ilipofungwa aliandikiana na watengenezaji wenyewe, kijana wa Sfax, dada wawili wa Amman na wengine, wakampa namba za kufungulia gemu zao, naye akazichapa kwenye kadi.

Tukapatana. Kona ni yake bure mpaka Idi Kubwa, mradi anivutie watu wa kununua pedi zangu za kuchezea gemu na nyaya zangu. Mteja asiyeipenda gemu yake anabadilishiwa, hasara juu ya Zhor. Na kama wanaorudisha watazidi wanaobaki nazo, Idi itamkuta nje. Hapakuwa na kibanda kingine kilichomkubali, hilo nilikuwa nimeshalichunguza.

Mwanzoni alifanya kazi kama daktari mpya. Mteja akija anaulizwa, "Unapenda gemu za aina gani? Za vita, mafumbo, kilimo, za kutisha, za hadithi?" Mteja anataja, Zhor anachagua kwa makini, anaeleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza televisheni. Kesho yake mteja yuko mlangoni na uso wa mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Bouazza, mwenye bucha upande wa pili wa njia, alisema anapenda za kutisha. Akapewa ya kutisha. Akairudisha asubuhi kabla hata hajatundika nyama.

"Lalla Zhor, hiki kitu kimeninyima usingizi. Mke wangu anauliza kwa nini taa ya choo inawaka."

"Lakini wewe ndiye uliyesema unapenda kutishwa."

"Nilisema, ndiyo. Nimesema mengi maishani."

Alipoondoka, Zhor alibaki akiigeuza ile kadi. Hakuonekana mwenye huzuni, alionekana kama mtu aliyekuta mlango uliofungwa na anataka kujua komeo liko upande gani. Mimi nilijua liko wapi, ila nilitaka kwanza kuona kama atalipata. Hakulipata, nikamhurumia, au tuseme pedi zangu zilianza kujaa vumbi.

"Ulimwuliza anachopenda?"

"Ndiyo."

"Na akuambie kwa nini? Mtu wa hapa akitaka zulia jekundu, anashika la buluu na kulalamikia la kijani. Akionyesha anachokipenda, ameshapigwa. Wewe mwenyewe nilikupiga kwenye ile mashine."

"Hiyo nilijua. Lakini hata kwenye gemu?"

"Hata daktari haambiwi panapouma mpaka ataje bei."

Akacheka. "Na wanachokichukia je? Hicho wanakificha?"

Hapo nikaacha kufunga nyaya nikamtazama. Kukichukia kitu ndiyo nusu ya kazi ya mnunuzi. Mtu wa Casablanca akianza kuponda bidhaa, unaweza kwenda kuswali ukarudi ukamkuta bado anaendelea.

Kesho yake kadi zote zilikuwa na bei iliyoandikwa kwa kalamu nene, moja kwa watu wote. Nikamwambia ameniaibisha mbele ya soko zima. Aliendelea kuzipanga. Na swali lake lilikuwa limebadilika: "Gemu gani uliiacha katikati, na ilikukera wapi?"

Bouazza alikuja kubadilishiwa, akaulizwa hivyo. Akaegemea meza.

"Ile ya vita ya shemeji yangu. Unakimbizwa tu, hupewi nafasi ya kutazama chochote. Kulikuwa na ghala, ghala zuri kabisa, masanduku yamekaa ovyo ovyo. Najaribu kuyapanga, napigwa risasi."

Zhor akampa gemu ya wale dada wa Amman, ya karani wa posta mlimani anayepanga vifurushi kabla theluji haijafunga njia.

"Vifurushi? Mimi mtoto? Nipunguzie basi."

"Bei hiyo hapo, Si Bouazza."

Akaichukua amenuna. Siku zikapita hatukumwona, nami nikaanza kuhesabu kona yangu imerudi. Kisha akaja, amemshika shemeji yake mkono. "Mwulize na huyu," alisema. "Mwulize kinachomkera, uone kama utafunga leo."

Tangu hapo watu walipanga foleni ya kulalamika. Zhor aliwasikiliza kama alivyowasikiliza wale wa mashine za kufulia, na waliorudisha wakawa wachache. Wakisubiri zamu yao walinunua pedi.

Kondoo walipoanza kuingia mjini, nikamwambia, "Idi hiyo, Lalla. Kona naihitaji, kuna jamaa wa betri."

"Sawa," alisema, akaanza kukusanya kadi taratibu. "Huyo wa betri ndiye uliyemfukuza juzi? Halafu ukaifuta meza yangu vumbi na kunisogezea taa?"

Nikakohoa. "Taja unachotaka."

Alitaka meza ya mbele, bure vilevile mpaka Idi ijayo. Nikamwita mwizi. Akasema mwizi ni yule aliyemuuzia mashine. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na meza ya mbele akaichukua, kwa sababu silaha niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshamfundisha kuishika.

Siku anahama kona aliniuliza gemu niliyoiacha mimi. Nikamwambia ile ya mbio za magari, ukishinda hakuna wa kubishana naye. Akanipa kadi ya kijana wa Sfax, ya mchuuzi anayebadilishana mali na wasafiri jangwani. Bei ya kadi, hakunipunguzia.

Yeye ana meza ya mbele. Mimi nina wateja wa pedi, na bibi mmoja muuza chumvi kwenye ile gemu ya jangwani ambaye mpaka leo hajakubali bei yangu.