Kamba ndefu ya viatu vya barafu

Leo nimeteleza juu ya barafu. Mimi, mwalimu, hapa hapa Lubumbashi, katika commune yetu, mtaa uitwao Kenya!

Viatu vyenyewe, vile vyenye chuma chembamba chini, nilivipata kwenye rundo la mitumba. Havikuwa na kamba.

Tantine, shangazi yangu, anauza samaki wa barafu, na sakafu ya chumba chake cha baridi imeganda. Ila leo jioni barafu hiyo ilikuwa lazima iyeyushwe ili chumba kisafishwe. Kama si leo, basi.

Nilitia kamba za viatu vya shule. Ziliishia chini ya kifundo. Nikasimama, miguu ikapinduka, nikakalia kartoni ya samaki. 🙈

Wateja mlangoni: "Muangalie mama professeur, anatembea sawa bata!"

(Ningeweza kuingia ndani ya kartoni.)

Nikaenda kununua kamba ndefu. Zilifika tundu la juu, lakini ncha zikaburuta hadi chini ya chuma. Nikaomba kisu.

"Usikate," tantine akasema, akapiga magoti. "Ukibeba mutoto mu mugongo, kitenge ikibakia unafanya nini?"

"Ninaizungusha, ninaficha mwisho."

"Njo vile, na kamba pia!"

Akakaza, akazungusha kamba iliyobaki juu ya kifundo, akaficha ncha. Akanisimamisha, kisha akaniachia mkono.

Nikateleza. Mpaka ukutani! Kitu nilichokijua vitabuni tu kilikuwa chini ya miguu yangu.



Sasa barafu yote ni maji, nimeyafagia mwenyewe. Kamba bado zinakauka kando ya sare yangu ya ualimu.

Kesho darasani, nani ataniamini?