Shali la Paisley Lililokwisha Pindo

Siku ya kwanza kazini, pale Schaerbeek, mtaa wa Brussels, nilikabidhiwa sindano na kioo cha kukuzia, nikaambiwa nikae kimya. Nilikuwa nimetoka Bujumbura nikijiona fundi, kumbe nilikuwa mshona sare za shule tu. Mkuu wa karakana, maman mmoja wa Likasi, alinitupia koti lililotoboka.

"Bon, mutoto, uzi utakamata wapi?"

"Dukani, maman."

"Ah non! Uzi ya duka itaonekana. Geuza nguo, fungua pindo, vuta humo. Nguo inajitengeneza yenyewe. Alors, anza."

Huko ndiko kutililia, vijana wangu: kufuma tundu uzi kwa uzi, juu, chini, mpaka mwenye nguo asijue lilikuwa wapi. Siyo kutia kiraka. Ukiniambia kiraka nanuna mpaka leo. Lakini pindo nalo huisha, na hilo maman hakunifundisha.

Maman alipostaafu, patron, mwenye karakana, alinipa nafasi yake. Wateja walikuwa wakipungua. Watu wananunua mpya na kutupa. Hakutuacha bibi mmoja Mbelgiji, aliyekuwa na shali la sufu la marehemu mama yake. Lilifumwa Paisley, mji wa Uskoti uliosifika kwa mashali yenye nakshi za umbo la korosho, lile lile mnaloliona kwenye kanga. Nondo walilitoboa kila mwaka, nami nikalitililia.

Mara ya mwisho alilileta lina tundu jipya, naye mgonjwa, anashika meza. "Nataka nizikwe nalo," alisema, "lakini likiwa zima."

Nilimwahidi. Alipoondoka nikageuza pindo. Hakukuwa na uzi wa kuvuta. Nilikuwa nimelimaliza kwa mikono yangu.

"Nenda huko huko lilikofumwa," patron akasema. "Hawawezi kukosa."

Nilikwenda kwa treni, shali mapajani. Paisley ilininyeshea mvua tangu kituoni. Kiwanda nilichoonyeshwa kilikuwa kimegeuzwa nyumba za watu, taulo zimeanikwa madirishani. Kwenye kinyumba cha zamani cha wafumaji, binti mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi mtambo wa kufumia ulivyofanya kazi. Nilimweleza shida yangu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Alilipapasa shali, akatikisa kichwa.

"Uzi huu hautengenezwi tena, mama. Hata mashali yetu yana matundu. Tunayaacha hivyo hivyo."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, na sioni haya kusema.

Niliporudi Brussels, bibi alikuwa ameshafariki. Nikaomba kumvika shali mwenyewe. Nililikunja, upande mzima kifuani, tundu chini ya mgongo. Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Karakana ilifungwa, siku hizi wanauza simu mle ndani.

Patron tukikutana Porte de Namur bado hunisifu: pale mazishini hakuna aliyeona kitu. Ni kweli, hakuna aliyeona. Mimi najua tundu lilipo.