Pazia la Bwana Kesho

Mkwe wangu ni fundi cherehani, na simsifu kwa kuwa kamwoa binti yangu. Akikushonea kifungo, nguo itachakaa, itakuwa dekio, dekio litaoza, kifungo kitabaki kinakukodolea macho. Ila ukimwuliza nguo yako itakuwa tayari lini, atakwambia kesho. Kesho ukienda, ni kesho. Kuna mtoto alipimwa sare ya darasa la kwanza, akaja kuichukua ana ndevu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Kesho, naye huitika bila kinyongo.

Alipopata gari, kuukuu lakini lenye heshima zake, alilipokea kama mteja. Akalipima kwa futi. Akavishonea viti nguo, akaushonea usukani, hata mkono wa gia akautilia kikofia chenye kishada. Boneti hakuifungua.

"Mama, humo ndani si kazi ya uzi," aliniambia.

"Basi lipeleke gereji."

Akatazama pembeni. "Mafundi nawajua, mama. Watakwambia njoo kesho."

Nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikanivuka.

Basi taa zikaanza. Kwanza ya njano, yenye picha ya injini. Kisha nyekundu, umbo la kibirika kinachodondosha tone, ikawa inawaka gari likikata kona na kuzimika likinyooka.

"Inanikonyeza," mkwe alisema, akajichekea.

Binti yangu ni nesi, na hana mzaha na dalili. "Mume wangu, huko si kukonyeza. Hiyo ni homa."

"Nitalipeleka kesho."

Lakini zile taa zilimkera, maana rangi zake ziligombana na viti. Akakata kipande cha mahameli ya buluu, akakitia lesi ukingoni, akakitundika mbele ya dashibodi kama pazia la sebuleni. Binti yangu alipoliona alishika kiuno. "Yaani mgonjwa ana homa, wewe unakivisha kipimajoto koti?"

"Gari si linakwenda? Kinachokwenda hakiumwi."

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Mkwe alikuwa amepewa kushona gauni la bibi harusi, la kwanza maishani mwake, akalipiga kesho mpaka siku yenyewe ikapambazuka, na harusi haina kesho. Mama wa bibi harusi akatuma salamu: gauni lisipofika kabla ya adhuhuri, hakuna mwanamke wa mji huu atakayempa tena hata leso aitie pindo. Na yule mama akizungumza hahitaji kipaza sauti. Mkwe akatandika shuka kwenye kiti cha nyuma, akanikalisha, akanipakatisha gauni. Mkia wake ulikuwa mrefu hivi kwamba tulipokwisha kutoka uani, wenyewe ulikuwa bado unaaga.

Hatujafika mbali, nikaona wekundu unapenya kwenye mahameli, kama kaa chini ya majivu. Injini nayo ikaanza kugonga, utadhani cherehani inashona bati.

"Mkwe, kibirika chako leo hakikonyezi. Kimekodoa."

"Mama, tumekaribia. Nikisimama nimekwisha!" Akakanyaga mafuta.

Nikawaza. Huyu hawezi kuionea huruma injini ambayo hajawahi kuiona. Nikatazama mbele, nikaona kibao cha gereji, nikajaza hewa kifuani.

"Mkwe! Pazia linaungua!"

Alifunga breki mpaka gauni likaruka, nusura niolewe mimi. Akazima injini, akalinyofoa pazia, akalipigapiga, akalinusa. "Mbona haliungui?"

"Kumbe?" nikasema. "Macho ya uzee haya."

Fundi wa gereji alishatoka, anafuta mikono. Alipomtambua Bwana Kesho, tabasamu likamtambaa usoni kama oili juu ya maji. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya, akakichomoa tena. Kikavu kama ulimi wa mwongo.

"Ulibadilisha oili lini?"

Mkwe akanitazama mimi, kana kwamba tarehe nilikuwa nimeitunza mimi.

"Ungevuka kile kilima, injini ingekwama, ukabaki na viti vizuri tu," fundi alisema. "Sikiliza. Taa nyekundu inasema simama, zima. Ya njano inasema usikawie, njoo nikuangalie. Ya kijani inakuarifu tu kuwa kitu kimewashwa. Basi!"

"Nimesikia, ndugu yangu. Sasa nitengenezee."

Fundi akaifunga boneti polepole. "Njoo kesho."

"Kesho! Bibi harusi yuko chumbani na nguo za ndani!"

"Na mimi nilikuwa bwana harusi. Suruali yangu ya suti uliniambia kesho, mpaka leo. Nimeoa na suruali ya kaka yangu, na kaka yangu ni mfupi. Watu wakiona picha, wanaanza kuulizia soksi, bibi harusi baadaye."

Mkwe akaenda kwenye buti, akarudi na suruali mkononi. Ilikuwamo humo siku zote, imebaki pindo na kifungo.

Wakasimama wakitazamana kama majogoo. Nikaona nisipoingilia, bibi harusi ataolewa kavaa blanketi.

"Haya, wanangu. Mmoja chini ya gari, mwingine akae na sindano juu ya tairi lile pale. Atakayetamka kesho namtungia wimbo, na sauti yangu mnaijua."

Wakaingia kazini. Sindano ikawa inapanda na kushuka, spana inazunguka. Fundi akichungulia kutoka chini ya gari: "Bado?" Mkwe bila kuinua macho: "Wewe je?" Kumbe bolti la kumwagia oili lilikuwa limelegea, inavuja tone kwa tone. Lile doa uani petu, ambalo mkwe alimsingizia mbuzi wa jirani mpaka wakanuniana! Fundi akalikaza, akatia chujio jipya na oili mpya, na suruali nayo ikapata kifungo chake.

Mkwe akazungusha ufunguo. Kibirika kikawaka, injini ikanguruma laini, kibirika kikazimika. Nusura alie.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," fundi alisema, ameshaivaa suruali juu ya ovaroli. "Ila ile ya njano nina maneno nayo. Jumatatu ulilete."

Tulifika jua halijasimama utosini. Mama wa bibi harusi alikuwa langoni, mikono kiunoni. Akalipokea gauni, akakagua mshono mmoja mmoja, asiseme neno. Kwa mama yule, kunyamaza ni tarumbeta.

Jumatatu mkwe alilipeleka gari. Jumatatu ileile, nilishuhudia kwa macho yangu haya mabovu. Pazia halikurudi dashibodini. Kila Jumamosi asubuhi hufungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta kwa ile mahameli ya buluu yenye lesi. Sijui injini nyingine duniani inayopanguswa hivyo.

Juzi mteja mmoja alimwuliza shati lake ni lini. Mkwe akafungua kinywa, akachungulia dirishani lilipo gari, akakifunga. "Leo jioni," akasema.

Jioni mteja akaja. Lilikuwa limebaki kifungo tu.