Bima ya Kuachishwa Mwani

Juzi benki, feni ikizunguka kivivu nami nikisinzia kwenye foleni, bibi mmoja mkulima wa mwani alidai arejeshewe pesa za bima alizokatwa kwenye mkopo wake wa zamani wa nyumba. Paa linavuja, alisema.

“Bima ilikukinga ukiachishwa kazi, Bi,” karani alimweleza.

“Mwanangu, mie nnalima mwani baharini. Aniachishe nani?”

Karani akatazama bahari dirishani, kama anayemtafuta mwajiri huyo. Foleni nzima tukageuka, tukaitazama, maji yakimeta.

“Ukimwona nambie, nimsalimie,” bibi akasema.

Karani akacheka, akaingia kwa meneja, akarudi. “Utarejeshewa, Bi.”

Nikajichomoa polepole kwenye foleni. Nilikuja kutia saini mkopo wenye bima hiyo hiyo, nami huandikia gazeti kwa malipo ya kila makala; mhariri wangu hajawahi kuniajiri.