Fimbo Nne za Shaba Nyuma ya Maabara

Katika idara ya umeme ya chuo kikuu cha Élisabethville, miaka ile ya mwanzo, Mwafrika aliyeruhusiwa kugusa vyombo vya kupimia alikuwa mmoja tu. Ni mimi, na sioni haya kulisema. Niliondoka kwenda Ubelgiji nikiwa mpishi wa familia moja, nikasoma shule ya jioni, nikarudi na diploma ya fundi umeme. Hakuna aliyenishika mkono.

Profesa alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Alitaka kujua jinsi udongo wa Katanga unavyopitisha umeme wakati wa kiangazi, kwa sababu radi ikipiga nyumba, umeme lazima upate njia ya kuzama ardhini. Tulipigilia fimbo nne za shaba uani. Kila asubuhi niliziunganisha na chombo, nikazungusha mpini wake, nikaandika namba daftarini. Ardhi ikizidi kukauka, inazidi kuuzuia umeme, kwa hiyo namba zilitakiwa kupanda.

Zangu zilishuka.

Wiki ya kwanza profesa alizisoma tu. Ya pili alikifungua chombo na kukikagua skrubu kwa skrubu. Ya tatu aliniambia, "Ama Katanga ina fizikia yake, ama wewe hujui kupima. Ijumaa utanieleza ni lipi. Ukishindwa, majaribio yako yameisha."

Alhamisi niliendesha baiskeli nikafika kabla jua halijachomoza vizuri. Nikamkuta mzee mfagiaji, aliyewahi kufanya kazi ya reli, akinyunyiza maji kwa ndoo, taratibu kabisa, katikati ya fimbo zangu.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nafagia," akajibu kwa Kiswahili chake cha Katanga. "Bantu banafagiaka kiangazi bila maji? Vumbi itainuka."

"Tangu lini unamwaga hapa?"

"Tangu weye ulisema!" Akaangua kicheko. "Ulikuya na koti nyeupe, ukalia: baba, vumbi inaharibu koti. Njo nikaongeza ndoo mbili. Kule Bulaya habafagiake?"

Ni kweli, nililalamikia vumbi. Mama yangu mwenyewe hakufagia ua wetu hata siku moja bila kunyunyiza kwanza. Mimi mwenye diploma nilisahau.

Ningeweza kumwambia mzee aache, nikanyamaza, namba zikapanda zenyewe. Wazo hilo lilinikaa kichwani hadi saa sita mchana. Lakini zile wiki tatu za daftari ziliandikwa kwa mkono wangu, na mkono wangu hauandiki uongo. Ijumaa nilimweleza profesa yote, koti na ndoo.

Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwa hiyo umepima bustani!"

"Ndiyo, Bwana Profesa. Na nimeipima vizuri. Hakuna namba hata moja iliyokosewa."

Alivaa miwani, akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, kwa muda mrefu. Kisha akasema tugawe ua: fimbo mbili zimwagiwe maji kwa kipimo, mbili ziachwe kavu, tulinganishe. "Kazi ni yako," akasema. "Ya kudumu."

Jioni hiyo nilichora mstari wa chokaa uani, mzee akiwa amesimama na ufagio wake.

"Na huku kukavu, nifagie na nini?"

"Usifagie, baba."

"Muzungu akiniona nimesimama bule?"

"Umwambie ni utafiti."