Sindano ya Kwenda Kalemie

Nilifunga safari kwa sababu binti yangu Monika, aliyeolewa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake umefika. Lakini njia ile ilishaniunguza. Mwaka juzi nilipita na mume wangu, tunapeleka mchele, homa zikatuangusha wote wawili kulekule Kalemie, mimi malaria, yeye homa ya manjano. Mimi nikainuka. Yeye tukamzika. Waliotuponza nawataja: shemeji yangu Masanja, mdogo wake marehemu, aliyesema, "Babu zetu walibeba mizigo mpaka Ujiji kwa miguu, nani aliwachoma sindano?" Na Kalwani mwenye boti, aliyetupitisha pembeni tusiulizwe chanjo.

Kwetu Goweko, Masanja akanikuta nafunga mzigo. "Panda treni moja kwa moja, shemeji. Mtoto hamsubiri nesi." Nikakaza kamba ya mzigo.

Tabora mjini nilifikia mtaa wa Cheyo kwa rafiki yangu Mama Shija, naye akanipeleka hospitali. Nesi, binti mdogo tu, akaniamkia, akauliza umri, dawa ninazotumia, na kama mayai yananidhuru.

"Mayai yanaingiaje hapa?"

"Chanjo ya manjano inaoteshwa kwenye mayai, mama."

Makubwa hayo! Nikazidi kuuliza. Akanichoma ya manjano na ya pepopunda, akanieleza na ya homa ya matumbo. Malaria, akasema, nisisahau chandarua na vidonge. Halafu: nisivuke kabla ya siku kumi.

"Kwa nini isifanye kazi leo?"

"Mwili unajifunza kwanza. Kama mgambo anavyoonyeshwa sura ya mwizi."

"Kwetu Goweko mwizi tunamjua kwa jina."

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Siku hizo zote Monika alipiga simu analia, nami nimekaa juu ya miiba.

Kwenye treni, Urambo, Kaliua, mpaka Malagarasi, nilichungulia pori nikiwaza: wapagazi wale aliowasifu Masanja hawakuumwa kweli? Ujiji nikamuuliza mwenyeji wangu Bi Zuhura, anakaanga samaki, migebuka ya ziwani.

"Walikufa kama kuku waliopatwa na mdondo, wewe! Hizo sifa mnazosikia ni za waliorudi."

Bandarini Kigoma, Kalwani alikuwepo. "Mama, njoo kwangu, hakuna maswali." Nikampita, nikapanga foleni ya wenye maswali.

Kalemie nikakuta Monika ameshajifungua, mtoto wa kike. "Umechelewa, mama."

"Nimechelewa. Ila safari hii nitarudi mzima."

Akanipa mtoto. Siku ya pili tukaenda naye kaburini, akamwona babu yake.

Nimerudi Goweko mzima. Shule sikuipata sana, lakini hili nimelijua: anayevuka mpaka aanze kwa nesi, wiki kadhaa kabla ya tiketi. Jioni Masanja akaja, naye anataka kwenda kumwona mjukuu. Akazungukazunguka, akainamisha macho.

"Shemeji, hiyo sindano inauma?"

"Muulize kaka yako."